Korosho na pepa ya Novemba

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na Novemba hiyohiyo korosho zimejaa chini ya mikorosho. Mzazi wa Newala, Tandahimba au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, akisema anamsaidia mwanawe kusoma, muulize kwanza: Jumamosi asubuhi nani anaokota?

Si lazima mtoto aachishwe shamba kabisa. Kinachomharibia ni saa. Aliyeinama tangu alfajiri akitenga korosho na mabibo mpaka jua la saa 6, mchana atashika daftari lakini kichwa kimeshalala. Geuza mpango: asome saa 12 asubuhi mpaka saa 4, shamba aingie saa 10 jioni jua likipoa, kazi ya saa moja na nusu inatosha. Wiki tatu za mwisho tafuta kibarua. Tatizo ni kwamba kibarua hasubiri malipo ya mnada wa korosho, kwa hiyo fedha yake itengwe mapema kwenye mauzo ya ufuta au mbaazi. Ukingoja ya korosho, mtoto ndiye atakayekuwa kibarua.

Kuhusu kusoma kwenyewe, wengi wanarudia daftari kama hadithi. Ukurasa ukizoeleka machoni wanadhani wameuelewa, kumbe wakipewa karatasi tupu hawaandiki mistari mitano. Dawa ni pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, kwa muda kamili. Hapa hata mzazi asiyejua Kiingereza ana kazi: awe msimamizi. Simu ya mtoto ikae kwako, daftari zifungwe, saa iwekwe mezani, na pepa ya saa tatu ichukuliwe saa tatu zikitimia, hata kama amebakiza sentensi moja. Ataudhika, mwache. Ni afadhali agundue nyumbani kwamba swali la kwanza linamlia dakika arobaini. Kisha karatasi iende kwa mwalimu wa somo. Ukimwomba asahihishe maswali mawili tu badala ya yote, ni rahisi kukubali.

Tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ina fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure kabisa. Hizo taarifa ndizo wazazi wengi hawazijui, na kwa maoni yetu zina faida kuliko vitabu vingi vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi: zinaonyesha swali kwa swali wapi watahiniwa walikosea na kwa nini. Chapisha za masomo mawili au matatu anayosumbuka nayo, si yote.

Masomo gani, basi? Chukua matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, ukae naye. C inaanzia alama 45, D inaanzia 30. Mwenye 41 ya Jiografia anahitaji alama nne tu apate C, na pointi yake ishuke kutoka 4 hadi 3 (pointi chache ndizo bora). Mwenye 12 ya Hisabati anahitaji 18 ili tu aione D. Daraja linapangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na kidato cha tano kinataka angalau masomo matatu ya A, B au C. Kwa hiyo zikibaki wiki sita, saa nyingi zipewe yale yaliyo karibu na mpaka. Hisabati isitupwe, achague mada mbili nyepesi azifanyie mazoezi kila siku.

Kuna wanaouza "pepa iliyovuja" kwenye magrupu ya simu. Usitoe hata shilingi. Nyingi ni za kubuni, na mtahiniwa akithibitika kudanganya, matokeo yake hufutwa.

Siku za mtihani zenyewe hazina mengi. Ale alichozoea, hata kama ni muhogo na chai, si chakula kipya cha kumtia nguvu kitakachomvuruga tumbo. Bodaboda akubaliwe jana yake, maana mvua za kwanza zikishuka barabara za vijijini haziaminiki. Pepa ya asubuhi inaanza saa 2:00, ya mchana saa 8:00. Siku yenye zote mbili asirudi nyumbani katikati. Mpe hela ya chakula na chupa ya maji, akae kivulini karibu na shule. Jioni akifika, usimuulize swali la tatu alijibu nini. Muulize kesho ni pepa gani, kisha wadogo zake watolewe chumbani asome kwa utulivu.