Nkambo hawezi kupanda mlima: tukutane wapi?

SWALI: Jambo Mama. Mimi ni binti wa nne kati ya watoto saba. Tumetawanyika: Lubumbashi, Kolwezi, wengine Ndola huko Zambia. Mwaka huu tunataka kukusanyika na nkambo (bibi) wetu, ninayeishi naye hapa Katuba, Lubumbashi; magoti yanamsumbua sana. Vijana wanataka twende maporomoko ya Lofoi. Wakubwa wanataka kijijini kwetu, kando ya ziwa Tshangalele, alikozikwa babu. Kila nyumba imeambiwa itoe dola 50, na mdogo wetu wa Kolwezi, mchimbaji, amenyamaza kabisa. Nifanyeje?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Mwanangu, anza na magoti ya nkambo. Lofoi ni pazuri mno, maji yanaporomoka zaidi ya mita 300 kutoka uwanda wa Kundelungu, na natamani kila mtoto wa Katanga apaone. Lakini pako ndani ya hifadhi ya taifa: kuna ruhusa ya kuomba, njia inayotaka jeep, kisha miguu. Nkambo atabaki garini na mtu wa kumlinda. Vijana wajipangie safari yao mwezi wa tano, mvua zikiwa zimetoka kukatika na maji bado mengi.

Familia nzima iende ziwani, na siku iwe tarehe 1 mwezi wa nane, Siku ya Wazazi. Ni sikukuu ya Kongo nzima, shule zimefungwa. Asubuhi mnasafisha kaburi la babu, mchana mnakula pamoja. Hapo hata aliyekuwa anataka Lofoi ataona sababu ya kuja. Na ziwa lenyewe lina historia: lilipatikana baada ya mto Lufira kuzibwa pale Mwadingusha mwaka 1930. Kama nkambo alisimuliwa na wazee wake jinsi maji yalivyopanda, jioni hiyo awasimulie wajukuu wa Ndola.

Usiku wa kipwa (kiangazi) una baridi kali, kwa hiyo blanketi zije nyingi, na vyandarua pia, maana ni karibu na maji. Nkambo alale nyumba iliyo karibu na choo. Nenda ukaipime njia hiyo mwenyewe kabla ya siku: ina mawe? Ina ngazi? Mpelekeeni shefu wa kijiji habari mapema. Unga mtaupata hapo hapo, mahindi yameshavunwa, sombe (majani ya muhogo) pia. Mafuta, chumvi na sukari mnunue mjini.

Sasa dola 50. Hapa ndipo familia nyingi huvunjika, na mimi siko upande wa mchango sawa kwa kila nyumba. Mwenye mshahara na mwenye kuchimba kwa mkono hawatoki mfuko mmoja. Mdogo wako hakunyamaza kwa dharau. Mpigie wewe mwenyewe, usimwandikie kwenye kundi la simu mbele ya wote, umwambie: "Tunakuhitaji utangulie siku mbili, ufunge maturubai, utafute kuni, urekebishe choo." Hiyo ni kazi kubwa kuliko dola 50. Asipopewa nafasi hiyo atakuja na aibu, atakaa pembeni, na watoto wake watamwona. Wenye uwezo waanze kuweka kidogo kidogo kila mwezi kuanzia sasa, kwa mtindo wa likelemba (kuchangiana kwa kikundi), na pesa ishikwe na mmoja, daftari lishikwe na mwingine.

Mtakaotoka Lubumbashi, ondokeni alfajiri. Hadi Likasi ni kilomita 120 hivi za lami, lakini malori ya madini ni mengi na usiku hayana huruma. Ndugu wa Ndola wahakikishe karatasi za watoto na kadi za chanjo ya homa ya manjano kabla ya kufika mpakani Kasumbalesa, na wavuke mchana.