Laki Tatu na Nusu Zilizokaa Kwenye Simu Yangu

Jumatatu iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo kaka, Bwana Yesu asifiwe. Nimechaguliwa mweka hazina wa kwaya ya vijana. Naziogopa hizi pesa. Wewe ulishindaje? Nipe mbinu."

Nimekaa na ujumbe huo siku tano. La kumjibu ninalo. Mnaonisoma siku zote mnajua mimi si mtu wa kukosa la kusema. Lililonikaa kooni ni hilo neno "ulishindaje".

Nianze na pesa, maana habari ya pesa naweza kuisimulia bila aibu kubwa.

Mwaka 2015 nilikuwa mtunza hazina wa kamati ya ujenzi katika usharika wetu, nje kidogo ya mji wa Iringa. Tulikuwa tumepita lenta, tunatafuta pesa za kupaua. Kila Jumapili baada ya ibada watu wanatoka nje kwa mnada wa sadaka: kuku, debe la mahindi, trei ya mayai, mkungu wa ndizi. Mtu ananunua kuku kwa elfu arobaini na anajua fika kwamba sokoni angempata kwa chini ya nusu ya hapo. Hanunui kuku huyo, ananunua bati. Na aliyekuwa anazipokea pesa hizo ni mimi. Kwa kuwa Jumapili benki imefungwa na wengi wanalipa kwa simu, tulikubaliana zipitie kwenye namba yangu, Jumatatu nizipeleke.

Wakati huo nilikuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Jumatatu moja mzigo wangu wa Kariakoo ukapungukiwa laki tatu na nusu, na mwenye mzigo anasema asipoona pesa hapakii kwenye basi. Nikafungua simu. Milioni moja na ushee imekaa pale, imetulia. Sikusema naiba. Hakuna mlokole anayesema hivyo. Nilisema naazima, Alhamisi narudisha. Na kweli Alhamisi nikarudisha, nikaongeza elfu kumi juu kama sadaka, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Mara ya pili sikujieleza hata kidogo. Nilifanya hivyo mara nne. Mara ya tano biashara ikalala, na Jumatano mwenyekiti akapiga: fundi amepata mbao kwa bei nzuri, tuma pesa sasa hivi. Nikamwambia mtandao unasumbua. Mtandao! Niliongea kwa sauti ya upole kabisa, hata nikamwambia "Mungu ni mwema, mwenyekiti, utatulia tu." Kisha nikaenda nyuma ya duka, nikampigia shemeji yangu huku magoti yanagongana. Akanitumia bila kuuliza. Hadi leo hajui alichonifunika.

Sasa sikiliza, mdogo wangu uliyeniandikia. Siku ile nilitetemeka sana, lakini nilikuwa simwogopi Mungu hata chembe. Nilimwogopa mwenyekiti. Nilimwogopa mke wangu na mkaguzi wa hesabu. Kiswahili chetu kinajua tofauti hiyo kuliko sisi tunaokiongea: mbwa unamwogopa, akifungwa mnyororo unapita zako unapiga mluzi. Hakuna anayemcha mbwa. Jirani yangu wa dukani, Mwislamu, akitaka kumsifu mtu kwa uaminifu anasema "yule mchamungu", na anatumia neno lilelile tunalotumia sisi kanisani. Woga wangu ulikuwa wa mbwa. Mwenyekiti alipokata simu, nao ukakatika.

Wahubiri wengi hapa wangekupeleka kwa Yusufu na mke wa Potifa, na si vibaya. Lakini kwa mtu aliyeshika pesa mimi nampenda Nehemia. Alikuwa liwali wa Yuda miaka 12. Maliwali waliomtangulia walichukua kwa watu mkate na divai, na juu yake shekeli 40 za fedha. Posho ya liwali ilikuwa halali yake. Hakuna mkaguzi ambaye angemuuliza. Tena mezani kwake walikula watu 150. Hakuchukua, na sababu anaitaja mwenyewe katika kitabu chake, sura ya 5: "kwa sababu ya kumcha Mungu." Hakutaja sheria, hakutaja jina lake zuri. Mimi niliposoma mstari huo nilifunga Biblia nikaenda kumwona mchungaji.

Nikaungama, nikawekwa pembeni, nikarudishiwa heshima baada ya muda. Hayo hayana utamu, tuyaruke.

Utamu ulianza walipoanza kuniita kushuhudia. Semina ya wanaume, kongamano la vijana, usharika huu, usharika ule. Si kujisifu, lakini nina sauti na najua mahali pa kunyamaza ili watu walie. Hadithi ikawa inakua. Mara tano zikawa "mara nyingi", machozi ya kwa mchungaji yakawa "usiku mzima". Nilikuwa nimeacha kuiba sadaka, nikaanza kula ushuhuda.

Mwaka 2021 ndugu mmoja wa kamati ya huduma za jamii akakutwa na pengo la pesa za wajane. Kiasi kidogo, kidogo kuliko changu. Kwenye kikao wazee walikuwa wanatafuta namna ya kumsaidia arudishe. Nikasimama mimi. Nikasema, na nayakumbuka maneno yangu yote: "Mimi nilipojaribiwa nilikwenda mwenyewe kwa mchungaji. Huyu amesubiri kukamatwa. Hao ni watu wa aina mbili." Kikao kikanyamaza. Nilikaa chini nikijiona nimetetea utakatifu wa nyumba ya Bwana. Yule ndugu hakurudi Jumapili iliyofuata, wala nyingine yoyote. Mke wake naye akahamia kwingine.

Someni habari za mfalme Uzia, Mambo ya Nyakati wa Pili sura ya 26. Alianza kutawala akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52. Alijenga minara Yerusalemu, akachimba visima, alikuwa mtu wa kilimo, Mungu akamsaidia hadi jina lake likaenda mbali. Alipokuwa na nguvu, moyo ukapanda. Na angalia alipoangukia! Si gesti, si kwenye hazina. Aliangukia hekaluni, chetezo mkononi, anafukiza uvumba ambao haukuwa kazi yake. Makuhani 80 wakiwa na kuhani Azaria wakamzuia, akawakasirikia, ukoma ukamtoka pale pale kwenye paji la uso. Mimi chetezo changu kilikuwa kipaza sauti.

Kwa hiyo unapotaka mbinu, mbinu ninazo chache na hazishangazi. Pesa ya kwaya isikae kwenye simu yako hata usiku mmoja. Hesabuni wawili, andikeni siku hiyohiyo. Ukisikia ndani yako neno "naazima", piga magoti hapohapo, hata kama ni dukani. Halafu mche Mungu. Utakapomaliza mwaka mzima bila kugusa hata mia, na watu wakaanza kukusifu, mche Mungu mara mbili, maana hapo hutakuwa tena na hofu ya kukamatwa ya kukusaidia. Wengi wenu hamtaki kusikia hili, mnataka hatua saba za ushindi. Sina hatua saba. Kizazi hiki kinamwita Mungu "Baba" kwa mdomo mwepesi sana, hata hakitetemeki tena, na mimi nimo humo.

Na kuhusu "ulishindaje", sikushinda. Baada ya kusoma ujumbe wako nilitafuta namba ya yule ndugu wa pesa za wajane. Juzi Alhamisi nikampigia. Nilikuwa nimeandaa maneno, mazuri, yamepangika kama ushuhuda. Alipokea, akanisalimia kwa heshima zote, akasema, "Niko kwenye daladala, mzee, kuna kelele. Nitakupigia."

Leo ni Jumamosi. Simu iko mezani, sauti nimeifungulia hadi mwisho.