Maswali ya wasomaji: triga ya bunduki moja ndani ya bunduki nyingine

Barua nyingi za hivi karibuni zinahusu vipuri vya triga kwenye bunduki za marisau. Wengi walioandika wanaishi Marekani. Kule kisheria bunduki ni ile bodi yenye namba, kwa hiyo triga, nyundo na springi unaagiza kwa posta kama unavyoagiza plagi ya pikipiki. Wachache wako nyumbani, Kenya na Tanzania. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

"Nina Remington 870. Baba mkwe kaniachia 1100 iliyopasuka bodi. Naambiwa seti ya triga ni ile ile, nihamishe tu. Ni kweli?" (Minnesota)

Aliyekuambia anajua nusu ya habari. 870 ilitoka mwaka 1950, 1100 ikafuata 1963, na 11-87 ikaja 1987. Ni familia moja ya bunduki za Remington, na nyundo, triga, springi kadhaa na kishikizi (kile kipande kinachodaka nyundo mpaka uvute triga) vinakaribiana sana. Mafundi wanaozijua huazima vipande kutoka huku kwenda kule.

Lakini ile seti nzima inayotoka ukisukuma pini mbili haibebi triga peke yake. Kwenye 870, ambayo ni pampu, yaani unaikoki mwenyewe kwa kusogeza mpini, kuna komeo ubavuni linalofunga mpini wa kukoki hadi nyundo ianguke. Komeo hilo hilo hutenganisha triga na kishikizi mpaka bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) iwe imefunga sawasawa, yaani huwezi kupiga huku bolti iko nusu wazi. 1100 hujikoki yenyewe kwa gesi, kwa hiyo kazi hizo inazifanya kwa mpangilio wake, na hata bamba la kunyanyua risasi ni tofauti. Seti nzima iache ilipo. Ukitaka nyundo au kishikizi, mpelekee fundi silaha bunduki zote mbili, aviweke na kuvipima akiwa nazo mkononi.

"Rafiki alinipa kishikizi na springi za bunduki yake, nikaweka kwenye pampu yangu. Triga imekuwa laini sana na kitufe cha usalama kinafanya kazi vizuri. Kuna shida?" (Arusha)

Ndiyo, ndugu yangu, na ni kubwa. Iondoe risasi leo na usiitumie tena mpaka ikaguliwe.

Kwenye pampu nyingi, 870 ikiwemo, kitufe cha usalama huzuia triga tu. Hakigusi nyundo wala kishikizi. Nyundo iliyokokiwa inashikiliwa na ukingo mdogo wa chuma uliojiegemeza kwenye ukingo mwingine, basi. Ukingo huo ukiwa umelika, au umetoka kwenye bunduki nyingine na haukai kwa pembe yake, mgongano unaweza kuuchomoa. Bunduki ikianguka kwenye gari, au kitako kikigonga jiwe, nyundo inapiga na kitufe kikiwa kimefungwa. Bunduki za Kiingereza za bei kubwa zenye mitambo ubavuni, kama zile bora za Holland & Holland, zina kishikizi cha pili kinachodaka nyundo ikiteleza. Pampu yako haina kitu hicho.

Huo ulaini unaoufurahia ndio unaonitia wasiwasi. Triga ya kiwandani ya bunduki ya marisau kwa kawaida huhitaji mvuto wa kilo 2 hadi 2.7 hivi. Ikishuka ghafla baada ya kubadilisha kipuri, mara nyingi maana yake ni kwamba vipande vinagusana kidogo kuliko inavyotakiwa, au springi ni dhaifu. Na kama rafiki yako aliwahi kukipiga tupa kishikizi hicho, tatizo ni kubwa zaidi. Vipande vingi vya aina hii vimegumishwa ngozi ya juu tu. Ukiila ngozi hiyo kwa tupa, chuma laini cha ndani kitaendelea kulika kila unapopiga. Leo inashika, baada ya msimu mmoja haishiki.

Viwango vya kiufundi vya SAAMI, chombo cha watengenezaji wa Marekani, vinataka bunduki ivumilie kuangushwa kutoka futi 4, kama mita 1.2, bila kufyatuka. Bunduki yako ilipotoka kiwandani ilikuwa na vipande vyake. Huo mchanganyiko wako haujapimwa na mtu yeyote. Zaidi ya hapo, Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na ukarabati wa silaha ni kazi ya mwenye leseni. Nenda kwake na vipande vya zamani, usivitupe.

"Fundi amenibadilishia kishikizi. Nitajuaje kazi ni salama kabla sijaenda nayo shambani?" (Nakuru)

Swali zuri, na kila mwenye bunduki angepaswa kuliuliza. Kwanza risasi zote halisi zitoke kabisa kwenye chumba ulichokaa. Angalia chemba (pale risasi ya kupigwa inapokaa) na bomba la risasi kwa jicho, kisha ingiza kidole. Tafuta risasi za bandia za mazoezi, na mtutu uelekee mahali salama muda wote.

Koki, funga usalama, vuta triga kwa nguvu, iachie. Sasa fungua usalama bila kugusa triga. Ukisikia nyundo imeanguka, mrudishie fundi siku hiyo hiyo. Wengi hujaribu tu kama triga imezuiwa, wakaridhika, na hatua hii ya pili hawaifanyi kabisa.

Kisha vuta triga uishikilie nyuma bila kuiachia, na ukoki tena. Nyundo lazima ibaki imekokiwa, ianguke pale tu utakapoachia na kuvuta upya. Jaribu pia kuvuta triga bolti ikiwa haijafunga kabisa: nyundo isianguke. Mwisho ikoki, usalama ukiwa wazi, ugonge kitako mara kadhaa kwenye mpira mnene.

Ikipita yote hayo, nenda uwanja wa shabaha. Piga risasi moja moja kwanza, halafu weka mbili tu. Kasoro ya kupiga mara mbili kwa mvuto mmoja hujitokeza hapo, na hutaki ikukute bomba likiwa limejaa.

"Mossberg 500 yangu ina kasha la triga la plastiki. Naweza kuweka la chuma la Mossberg 590A1?" (Texas)

Ndiyo, ni badiliko la kawaida, kwa geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu). Kasha linashikwa na pini moja. Fanya majaribio niliyoyaeleza hapo juu hata kama limeingia bila taabu.

"Nina Norinco ya China iliyoigwa kutoka 870. Vipuri vya Remington vitaingia?" (Ontario)

Vingine vitaingia, vingine vitaingia kwa kusuguliwa, na hapo ndipo ninaposema acha. Mtutu ni jambo moja, triga ni jingine. Kwenye kishikizi, tofauti ndogo usiyoiona kwa jicho inatosha kubadilisha jinsi nyundo inavyoshikwa. Tafuta kipuri cha Norinco, au mwachie fundi.

"Nimenunua bunduki ya mitumba ya kulengea visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Nilipovuta triga haikulia, nilipoachia ndiyo ikalia. Imeharibika?" (Ohio)

Huenda haijaharibika. Baadhi ya walenga visahani wa Marekani huweka triga ya kuachia: ukivuta inajiandaa, ukiachia inapiga. Wanaitumia kuondoa tabia ya kushtuka wakati wa kupiga. Kwa mtu asiyejua ni hatari kubwa, kwa sababu anayeghairi na kuondoa kidole ndiye anayefyatua. Aliyekuuzia bila kukuambia amekukosea sana. Peleka kwa fundi airudishe seti ya kawaida. Mpaka hapo bandika alama kwenye kitako, na asiishike mwingine.

"Nimerithi Winchester Model 12 ya babu. Nikishikilia triga na kukoki, inapiga yenyewe. Naweza kuchukua kipande cha bunduki mpya kuzuia hilo?" (Mombasa)

Hapana. Model 12, iliyoanza mwaka 1912, iliundwa bila kitenganishi, yaani kipande kinachozuia nyundo kuanguka tena mpaka uachie triga, na pampu za zamani za Ithaca 37 ni vivyo hivyo. Hakuna kipande cha bunduki nyingine cha kuchomeka humo. Kwanza fundi mwenye leseni athibitishe kwamba nyundo haianguki triga ikiwa imeachiwa, maana hilo lingekuwa ubovu. Ikiwa nzima, koki huku kidole kimenyooka nje ya kikingo cha triga, kila mara, na mweleze hivyo yeyote utakayemkabidhi.