Jibu: Bosi wa Doha ananinyima NOC, nifanyeje?

Habari ndugu. Umesema bosi anakunyima NOC, yaani barua ya mwajiri ya kukuruhusu uhamie kazi nyingine, huku kampuni mpya inakusubiri. Hiyo barua Qatar waliiondoa mwaka 2020, asikutishe nayo. Kwanza angalia umeanza kazi lini: kama hujazidi miaka miwili, notisi ni mwezi mmoja, ukizidi, miezi miwili. Maombi yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wa Wizara ya Kazi, pamoja na barua ya ajira mpya iliyosainiwa. Mimi nilipiga picha mkataba wangu ukurasa kwa ukurasa kabla hata bosi hajajua. Na usiache kwenda kazini kabla notisi haijaisha, hata akinuna vipi! Ukipotea tu, anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, na hapo kibali chako cha kuishi Qatar kinaingia matatani.