Mwezi mgumu unataka kitu chenye mwisho

Januari ya mwaka juzi ilinikuta Ngamiani, Tanga, nikiwa na watoto wawili, friji bovu na barua kutoka shule niliyokuwa nikifundisha. Barua yenyewe ilikuwa aya moja: mkataba hautaendelea. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba akapita kukumbushia kodi yake, miezi sita kwa mpigo. Mwanangu mkubwa naye alikuwa anaingia kidato cha kwanza, na anayezijua shule zetu anajua orodha ile: sare, madaftari, rimu ya karatasi, jembe, ufagio wa chelewa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata kila kitu chenye raha. Kahawa nikaacha, kutembea jioni nikaacha, hata redio nikaizima, utadhani kumsikiliza mtu akiimba ni kuwaibia wanaonidai. Nikabaki na simu. Bando la usiku ni rahisi, na nilijidanganya kwamba natafuta kazi. Saa sita za usiku zilikuwa zikinikuta namtazama mtu nisiyemjua akikaanga vitunguu vya pilau. Nikiiweka simu chini, kichwa kizito kuliko nilipoishika.

Aliyenitoa huko ni bibi wa nyumba ya pili, na wala hakutumia mawaidha. Nilipita kwake baada ya alasiri, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na kunitupia mapajani fungu la ukindu, majani ya kusukia mikeka. "Nishikie, mwanangu." Nilitaka kusema nina mambo. Mambo gani?

Basi nikaanza kujifunza kusuka ukili, ule mkanda unaoungwa kuwa mkeka, nikiwa na miaka thelathini na minane, mimi mtoto wa Pwani niliyekulia juu ya mikeka bila kujua inavyoanza. Ukindu mkavu ukiusuka hivyo hivyo unakatika, kwa hiyo kwanza unaulowesha kidogo kwa maji. Unauchana vipande vyembamba vilivyolingana, na hapo ndipo nilipoharibu fungu zima siku ya kwanza: vyangu vingine vilikuwa kama uzi, vingine kama kidole. Kisha unasuka, kimoja juu, kimoja chini, na kipande kinapokaribia kuisha unaingiza kingine kabla utupu haujaonekana. Ukili unakua kwa urefu, unaviringwa kama mkanda, na unapimwa kwa pima, yaani mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa. Baadaye kili hizo huungwa ubavu kwa ubavu zikawa mkeka.

Jioni ya kwanza nilipata urefu wa shubiri moja, tena umepinda. Bibi aliutazama, akaufumua wote, akanirudishia. Niliudhika, nakiri. Lakini usiku ule nililala bila kushika simu, kwa kuwa vidole vilikuwa vinauma na nilikuwa bado nahesabu kimoja juu, kimoja chini.

Nimefikiri sana kwa nini kazi ile ilinituliza kuliko kupumzika. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa na mwisho. Deni lilikuwa halionyeshi dalili ya kuisha, kutafuta kazi hakuishi, na video za simu ndiyo kabisa, moja inaivuta nyingine. Lakini pima moja ya ukili ikitimia imetimia. Unaiona, unaiviringa, unaiweka kando. Kwa hiyo anayeniuliza afanye nini katika mwezi kama ule, simwambii atafute kitu cha kumsahaulisha. Namwambia atafute kitu kidogo kinachoisha siku hiyohiyo: ukili, kitambaa cha kufuma, mchezo mmoja wa bao, tuta moja la bustani lililopaliliwa. Na akipe saa yake. Yangu ilikuwa kati ya alasiri na magharibi, na mtu aliyepiga simu saa hiyo kunidai nilimjibu baada ya kuswali.

Watakuja watakaokwambia uuze. "Mikeka inalipa, shoga yangu!" Mimi nasema ngoja. Siku niliyoanza kupiga hesabu ya mkeka wangu utauzwa bei gani, mikono ilianza kukimbilia mwisho na ukili ukapinda tena. Ukihitaji biashara, tafuta biashara. Nami niliipata, nilifundisha masomo ya ziada watoto wa mtaani kwetu asubuhi. Ukili niliuachia jioni.

Jingine lilikuja kwa sababu umeme ulikatika. Januari huku ni kaskazi, joto halilaliki ndani, tukatandika uani. Nikawaonyesha watoto Kilimia. Ukitaka kukiona mwezi huo, toka saa mbili, mbili na nusu usiku, elekea kaskazini na uinue kichwa zaidi ya nusu ya anga: kuna kijishada cha nyota ndogo zilizobanana, kama mtu kamwaga chumvi kidogo. Mwanangu mdogo alihesabu saba, mie sikupita sita, tukabishana mpaka majirani wakaguna. Niliwapa na ule msemo wa wazee, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mkubwa akataka kujua kinazama lini. Nikamweleza kwamba kadiri miezi inavyokwenda kitakuwa kikishuka magharibi, ifikapo Mei kinapotea kwenye mwanga wa machweo, na Juni kinarudi upande wa mashariki, alfajiri. Akasema basi tutakingoja. Tangu nipate ile barua, hilo lilikuwa jambo la kwanza nyumbani kwetu kupangiwa mwezi wa Juni lisilohusu kodi.

Mengine yalikuwa madogo zaidi. Mchaichai niliupanda kwenye ndoo iliyopasuka karibu na mlango, na chai yake haikutaka maziwa wala sukari nyingi. Asumini za uani kwa bibi nilichuma kiganja kimoja magharibi na kuziweka chini ya mto. Usiku chumba kinanukia harusi, hata kama ndani hakuna hata unga wa kesho. Jumapili tulikwenda Raskazone kwa miguu na maembe kwenye mfuko, tukakoga, tukarudi kwa miguu. Keki nilijaribu mara moja, kwenye jiko la mkaa. Sishauri.

Na kuna siku ambazo hakuna kilichofaa. Ukindu niliutazama tu, nikalia, nikapika uji, tukalala mapema. Siku hizo sikujilazimisha.

Kodi niliilipa kwa mafungu, la mwisho mwezi wa Aprili. Mkeka uliisha kabla yake, mwishoni mwa Machi. Niliupeleka kwa bibi, nikautandaza barazani kwake na kusimama pembeni kama mwanafunzi. Akaukagua kwa kiganja, polepole, pembe hadi pembe, akafika pale nilipokuwa naanza, akacheka.

"Hapa ulikuwa na hasira," akasema, na kuukalia palepale.