Jirani kupona si ushahidi wa sindano za Kichina

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, mgongo unamsumbua mwaka wa pili sasa, na pia ana kisukari. Jirani yetu hapa Mbagala alichomwa sindano za Kichina (akupancha, zile nyembamba zisizo na dawa) na kufukizwa miguu kwa majani yanayowashwa moto, akapona kabisa. Je, tiba hii imethibitishwa? Nimpeleke?

JIBU: Marahaba. Haipiti wiki bila kuletewa habari za jirani aliyepona, na hapo ndipo watu wanapoliwa hela. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hukimbilia tiba siku yamemzidi, kwa hiyo wiki chache baadaye wengi hupata nafuu hata wasipotibiwa, na sifa humwangukia aliyewagusa mwisho. Cha kuuliza ni kama waliochomwa kitaalamu waliwazidi waliochomwa ovyo.

Wajerumani walilipima hilo kwa wagonjwa 1,162 wa mgongo, wakawagawa kwa kura katika makundi matatu, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Baada ya miezi sita walikuwa wamepata nafuu asilimia 47.6 ya waliochomwa kwa kufuata ramani ya Kichina ya pointi za mwilini, 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipo na pointi yoyote, na 27.4 ya waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida. Wauza tiba hukusomea namba ya kwanza na ya tatu. Ya katikati wanaificha, nayo ndiyo inayoonyesha kwamba ile ramani haikuongeza kitu cha maana. Nafuu ilikuwepo, sikatai, lakini waliokosa sindano walijua wamezikosa, na matarajio hubadilisha maumivu.

Kufukiza kumepimwa zaidi kwa wajawazito ambao mtoto ametanguliza matako: China mwaka 1998 kulionekana kusaidia mtoto ageuke, Italia mwaka 2005 hakukuonekana. Kwa mgongo wa mama yako hilo halihusiki.

Kinachonitia hofu ni miguu yake. Kisukari huleta ganzi. Anaweza kuungua asisikie, na kidonda cha mguu wa kisukari huweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Asifukizwe miguuni kabisa. Akiamua kuchomwa sindano, ziwe mpya na zifunguliwe mbele yenu, maana sindano iliyotumika huambukiza homa ya ini B. Nanyi nyote mnaouguza wazee, mahali popote mtakapoambiwa mgonjwa aache dawa za kisukari kama metformini au insulini hadi amalize dozi ya sindano, mwondoeni siku hiyo hiyo.