Kahawa iliyouzwa ingali maua

Mwanangu, mama mchungaji,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepangiwa Marko 13, sura ya dalili za mwisho, Jumapili ya Majilio, na aya ya 30 inakukaba: "Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie." Unauliza ni kizazi kipi, na sisi wainjilisti wa zamani tuliihubirije.

Mimi Kigiriki sina, wewe ndiye uliyekaa chuo cha teolojia Makumira. Najua Warumi walibomoa hekalu mwaka 70, miaka kama 40 tangu Bwana aseme litabomolewa, kwa hiyo wapo waliosikia wakaja wakaona. Wengine husema kizazi ni taifa la Wayahudi, wengine ni watakaoziona dalili. Hayo unayajua. Mimi nikueleze habari ya Jumatatu, maana mahubiri hupimwa Jumatatu.

Desemba 1999, mwaka ule wewe ulipoanguka kwenye mparachichi. Watu walikuwa wanauogopa mwaka 2000 kama mtu anayekuja na panga. Nikapanda mimbarini na Luka 21, nikahesabu dalili kwa vidole: miili ya waliouawa Rwanda iliyoelea mto Kagera 1994, meli ya MV Bukoba iliyozama 1996, mvua za El Nino, Ukimwi uliofunga nyumba za watu, Mwalimu Nyerere aliyetutoka Oktoba. Kanisa kimya. Nilijiona Eliya! Nyumbani mama yako akasema, "Umewatisha." Nikamjibu Neno ndilo linalotisha.

Kesho yake yule mjane wa mteremkoni, ambaye mwanawe alikuwa kwenye ile meli, akaja na shilingi 15,000 kwenye fundo la kanga. Alikuwa ameuza butura, kahawa ya kibanja kizima ingali maua. "Mwinjilisti, hiyo Juni ya kuchuma nani atakuwepo?" Nikaipokea sadaka, nikamwandikia stakabadhi. Na Mungu nikamshukuru, mwanangu.

Machi 2000 redio ikatangaza Kanungu, hapo ng'ambo Uganda: waumini walioambiwa dunia inakwisha, mamia yao wameteketea ndani ya jengo la ibada. Nikazima redio. Mimi sikumfungia mtu mlango, hiyo ni kweli. Lakini pia sikumwambia yule mama rudi ukapalilie. Juni ikafika kama Juni zote. Nikampita akichuma kahawa yake kwa faida ya mwingine, na akaniamkia kwa heshima zote. Heri angenitukana.

Utasema, basi tuiruke sura? Hapana. Ukiiruka watamsikiliza yule mhubiri wa spika za sokoni, na yeye haogopi kutaja tarehe. Isitoshe, Bwana mle ndani aliwakumbuka wenye mimba na wanyonyeshao, akasema ombeni yasitokee wakati wa baridi. Anayetaka kutisha tu hawazi habari ya baridi. Hilo sikuliona 1999, nimeliona nimeshastaafu. Na Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Ningeisoma siku ile pamoja na Luka, yule mama angechuma kahawa yake. Au asingenisikia; nilikuwa nimeshamtia hofu, na mwenye hofu hasikii la pili. Sijui.

Habari ya kizazi nimeapa sitakuamulia. Mimbari ni yako. Ila ukisoma aya ya 30 usivute pumzi mpaka ya 32, pale ambapo hata Mwana hajui siku wala saa. Haya, nimeshasema nusu, niishie hapo. Kabla hujashika kalamu pita nyumba mbili tatu za washarika, uone nani ana deni, nani ana mgonjwa. Jumatatu, mwanangu.

Yule mama yupo, macho yamepungua. Zile 15,000 sikumrudishia: kwanza nilisema ni mali ya kanisa, baadaye nikaona haya. Mama yako hunikumbusha kila senene wakianguka, maana ndio msimu ule. Mwaka huu ameshanikumbusha. Wako wamekaangwa, wamo kwenye kopo la bluu, na wanapanda basi Alhamisi.

Baba yako